Fundo Kwenye Mafuta

Nyama iliyokuwa ndani ya kopo ilikuwa inaelea.

Daktari wa darubini alilitikisa kopo taratibu, akaliweka mezani, akasubiri. Kile kipande cha manjano kilizunguka, kikapanda, kikatulia juu ya dawa kama kizibo. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa koti lake jeupe, akaivaa tena. Kilikuwa bado kinaelea.

"Mwambie mkurugenzi apige simu polisi," alimwambia fundi wa maabara. "Humu kuna wizi."

Fundi alikuwa mtu wa makamo. Hospitali nzima ilimwita Chupa kwa sababu maisha yake yote alikuwa akipokea na kupanga makopo ya nyama za wagonjwa. Alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Wizi gani, daktari? Nani anaiba uvimbe?"

"Kuna mama alitolewa nusu ya tezi ya shingo. Mimi nimewekewa mafuta. Nusu ya tezi iko wapi?"

Chupa aliacha kucheka.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu Inspekta alikuwa amesimama mbele ya kopo lile, mikono nyuma. Alikuwa mama mnene, mwenye hatua nzito na macho mepesi. Kituoni walimwita Tingatinga, lakini walisubiri kwanza afunge mlango.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema. "Maana sijui kitu."

Daktari alieleza. Miezi mitatu nyuma yeye alikuwa masomoni, na daktari wa muda alikaa kwenye kiti chake. Wakati huo mpasuaji wa hospitali alimfanyia upasuaji mama mmoja mnadi, akamtoa uvimbe shingoni pamoja na nusu ya tezi iliyoshikana nao. Kopo lililetwa maabara. Daktari wa muda alikata, akatazama, akaandika kwamba ni mafuta tu na saratani hakuna. Mgonjwa akaambiwa nenda nyumbani, umepona. Juzi Jumamosi amerudi, sauti imekatika na shingo imekuwa ngumu kama kisigino.

"Kanuni yetu ni kwamba nyama inayobaki hatuitupi," daktari aliendelea. "Nikaitoa niikague upya. Tezi ni nyama nzito, rangi yake kama ini. Ukiitia humu inazama. Hii imeelea. Nimekata vipande vyote vilivyobaki, nimevitazama kimoja kimoja. Mafuta matupu, Afande. Hata punje ya tezi sikuiona."

"Na yule wa muda hakuona?"

"Aliona mafuta, akaandika mafuta. Hakujiuliza tezi imekwenda wapi. Aliamini kopo."

Inspekta aliinama. Kwenye ncha moja ya mafuta yale kulikuwa na uzi mweusi uliofungwa fundo, ncha zake zimekatwa sawasawa.

"Na huu uzi?"

"Wa kushonea. Wa kawaida tu," alisema daktari, tayari akiufunga mfuniko. "Afande, kuna jambo lingine. Nilimchoma sindano juzi, nikavuta chembe kutoka kwenye hicho kigumu kilichopo sasa. Ni saratani, ya aina ile inayokimbia. Imeshalikumbatia koo. Haikatiki."

"Miezi mitatu nyuma ilikuwa inakatika?"

Daktari alilitazama kopo. "Ningekuwa na nyama yenyewe ningekujibu."

*

Mnadi alikuwa amelazwa chumba cha pembeni, karibu na dirisha. Sokoni kwenye fanicha za mitumba walimwita Mama Spika, kwa sababu alinadi makabati na vitanda bila kipaza sauti na watu wa mtaa wa tatu wakajua bei. Sasa kila neno lake lilitoka likikwaruza, kama meza inayoburutwa sakafuni. Mumewe, mtu mfupi mpole, alikuwa akimlisha uji kwa kijiko kidogo.

"Karibu, Afande, kaa," Mama Spika alisema. "Usiogope hicho kiti. Kimezoea. Mimi na wewe tukipanda mizani moja, mizani itaomba likizo."

Inspekta alicheka, akakaa. "Pole sana, dada yangu."

"Nishapoa. Daktari wa darubini kanieleza yote. Yule hafichi. Ijumaa anakuja mpasuaji wa koo kutoka mbali, anitoboe hapa, aniwekee mrija wa kupumulia. Kwa ilivyofika, baada ya mrija sitasema tena." Alitulia, akatafuta pumzi. "Nina watoto watatu na mume asiyejua kupika. Ningekuomba uhai, lakini huo hata wewe huna mfukoni."

"Mama watoto, usijichoshe," mumewe alisema.

"Nyamaza, baba. Wewe una miaka mingi ya kusema." Akamgeukia Inspekta. "Nataka huyo mtu. Nimwone uso. Nimwambie ninachotaka kumwambia, kwa mdomo wangu, kabla ya Ijumaa. Basi."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Mimi sokoni mtu akiniambia atajaribu kununua, simfungii mzigo."

Inspekta alisimama. "Nitamleta," alisema, akatoka kabla hajajuta.

*

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Chupa, saa nane mchana, katikati ya rafu zake.

"Ufunguo wa chumba hiki anao nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi na Mungu."

"Basi nianze na wewe, maana yule mwingine sina uwezo wa kumwita kituoni. Ulichanganya makopo?"

"Afande, siku ile kutoka chumba cha upasuaji yalikuja makopo mawili tu. Moja la mama huyu, jingine la kidole tumbo. Kidole tumbo kitageukaje mafuta ya shingo?"

"Labda ulilidondosha. Nyama ikamwagika, ukaogopa, ukatafuta nyingine ya kujazia."

Uso wa Chupa ulibadilika. "Niliwahi kudondosha kopo mwaka juzi. Nilikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi, nikapewa onyo, nikalipokea kwa mikono miwili. Mtu aliyeungua mara moja kwa ukweli wake anajua haumuui. Na hayo mafuta ningeyapata wapi? Kwenye paja langu? Nitazame! Hata mbu wananionea huruma."

Inspekta alimtazama. Kweli, Chupa alikuwa mifupa na koti. Lakini wembamba si ushahidi, na ufunguo ulikuwa wake. Mpasuaji mwenyewe alikuwa ameshamwambia mkurugenzi, mbele ya watu, kwamba maabara wamevuruga kama kawaida yao. Watu wa korido walikuwa wameshaanza kumpita Chupa bila salamu.

"Kitu gani hakikuwa cha kawaida siku ile?"

Chupa alifikiri. "Lilichelewa. Upasuaji wa asubuhi, kopo huja asubuhi hiyohiyo. Lile lilikuja baada ya chakula cha mchana." Kisha, kwa sauti ya mtu anayesukuma moto uende jirani: "Halafu muulize daktari wa utafiti. Yule dada wa ghorofa ya juu. Kila siku yuko hapa, 'Chupa, nigawie kidogo, Chupa, nimegee kipande.' Friza yake imejaa vipande vya watu."

*

Daktari wa utafiti alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ya haraka. Chumba chake kilikuwa na mizani ya watu wazito, mashine ya kuzungushia damu, na friza nyeupe iliyokuwa ikinguruma kama inayosali. Alijibu maswali kabla hayajaisha.

"Unatafuta nini humu?" Inspekta aliuliza.

"Uhusiano wa mafuta ya mwili na saratani ya tezi ya shingo. Watu wanadhani mafuta ni mzigo uliolala, kama gunia stoo. Hayalali, Afande. Yakizidi, hasa yale ya tumboni, yanatoa kemikali mchana na usiku, na mwili unadhani umepata kidonda. Unatuma askari wake. Askari wanafika, hawamkuti adui, lakini hawarudi kambini. Wanabaki, wanachokoza raia. Moto mdogo, usioonekana, mpaka uupime kwenye damu. Sasa chembe zinazoishi miaka katika moto huo zinaweza kuanza kuzaliana kwa makosa. Na tezi ya shingo inaonekana ni mojawapo ya sehemu zinazoumia."

Inspekta alifungua kifungo cha juu cha shati lake. "Kwa hiyo sisi wanene tumeshahukumiwa."

"Hapana! Wanene wengi hawaipati maisha yao yote, na wembamba wanaipata pia. Ni hatari inayopanda kidogo, si hukumu. Hata hiyo njia niliyokueleza bado tunaichimba, hatujafika mwisho. Ila kama hatari inapanda, basi mtu mnene akisema ana kitu shingoni, awe wa kwanza kupimwa. Hapa ni kinyume. Nililisema hilo kwenye kikao cha madaktari. Niliomba kila mnene mwenye uvimbe apigwe picha ya shingo."

"Wakasemaje?"

Alikunja midomo. "Mkasi alisema, 'Shingo nene ni shingo nene.' Wakacheka wote. Kikao kikaisha."

Mkasi alikuwa ndiye mpasuaji, na hospitali ile haikuwa na mwingine.

"Fungua friza."

Mkono wa msichana ulisita juu ya mshikio. Inspekta alikuona kule kusita. Ndani kulikuwa na vichupa vidogo vilivyopangwa kwa namba, na alipoomba cha Mama Spika, daktari wa utafiti alikitoa bila kutafuta. Alijua kilipo. Ndani yake mlikuwa na kipande chekundu cheusi kama punje ya kunde.

"Hii ni nini?"

"Tezi."

"Tezi iliyopotea."

"Kipande chake tu! Nilikuwepo siku ya upasuaji. Nilikata pale pale, kwenye sinia, ikiwa bado ya moto. Mama mwenyewe aliniruhusu, muulize. Mkasi ndiye aliyenikataza kugusa wagonjwa wake, ndiyo maana sikusema. Angenifukuza, Afande. Iliyobaki yote niliiacha kwenye sinia."

"Tangu asubuhi watu wanaitafuta, na wewe umekaa kimya juu yake."

"Niliogopa."

"Hutatoka nje ya mji huu. Na hicho kichupa kinashuka sasa hivi kwa daktari wa darubini."

Usiku kucha Inspekta alidhani ameshampata. Lakini Jumanne saa tano asubuhi daktari wa darubini alimwita, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Ni saratani," alisema. "Lakini si ile inayokimbia. Hii ni aina ya polepole. Ile ambayo tunakata tezi nzima, tunampa mgonjwa dawa ya mionzi, na wengi wanazeeka nayo. Kilichobaki upande wa pili kimebadilika tabia baadaye, au kilikuwa kimeanza kubadilika. Miezi mitatu nyuma mama huyu alikuwa na njia."

Daktari wa utafiti alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwita. "Nilikuwa nangoja vichupa vifike mia ndipo visomwe kwa pamoja," alisema. "Ndivyo tunavyofanya. Kwangu alikuwa namba." Aliketi sakafuni na koti lake jeupe, akalia, na hakuna aliyemwinua.

Inspekta aliondoka akiwaza. Msichana huyu alikuwa na kila sababu ya kutaka tezi ile ifike maabara. Ingesomwa, ingethibitisha maneno yake mbele ya wote waliomcheka. Mtu haibi shahidi wake mwenyewe. Basi tezi ilitoka mwilini ikiwa nzima, ikalazwa kwenye sinia, na kabla ya kufika dirishani kwa Chupa ikawa mafuta.

*

Jumatano asubuhi alimkuta Mkasi ofisini. Alikuwa mwanamume mtanashati, viatu vinang'aa, vidole virefu visivyotulia. Alimkaribisha Inspekta kwa macho yaliyoanzia kiunoni.

"Afande, kabla ya yote, ushauri wa bure. Ukipunguza kidogo tu hapo, magoti yatakushukuru."

"Magoti yangu hayajawahi kulalamika. Nimekuja kwa shingo."

Alitabasamu. "Nimeshasema. Maabara wamevuruga. Mimi nimetoa nusu ya tezi, wauguzi wameona, nimeandika. Kopo limetoka kwangu likiwa sahihi. Huyo bwana wa makopo ana onyo tayari."

"Lilitoka kwako moja kwa moja?"

"Nililichukua nikaandike maombi ya kipimo hapa ofisini. Nilikuwa na kazi nyingi. Mhudumu akalipeleka."

"Maombi yako yanasema 'uvimbe wa mafuta.'"

"Ndivyo nilivyoamini."

"Mama huyu amekuja kwako muda gani?"

"Miaka minne hivi. Nilimwambia ukweli kila alipokuja. Punguza mwili, uvimbe utapungua. Hawa hawasikii, Afande. Mtu anakula, shingo inajaa, kisha anataka daktari afanye miujiza. Mwishowe alilalamika hamezi vizuri, nikamfungua kwa huruma." Alitazama saa. "Nina watu wawili mezani. Unaweza kuja kutazama, kama damu haikuogopeshi."

Kiburi kikizidi humfungulia mgeni mlango. Inspekta alivishwa gauni la kijani ambalo halikumtosha, akasimama ukutani kando ya muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mama mtu mzima anayeongea kwa pembe ya mdomo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mpagazi mwenye bonge la mafuta mgongoni. Mkasi alilikwangua, likatoka la manjano, nene. Alilitupa kwenye kopo bila hata kulitazama. Likaelea.

Wa pili alikuwa mwanamke mwenye uvimbe kwenye titi. Nyama ilipotoka Mkasi aliilaza kwenye sinia, akanyoosha mkono, muuguzi akampa sindano, na kabla Inspekta hajapepesa macho uzi mweusi ulikuwa umefungwa fundo kwenye ncha moja na kukatwa. Kisha ikaingia kopo.

"Kwa nini kafunga uzi?" Inspekta alinong'ona.

"Alama," muuguzi alijibu. "Ili maabara wajue juu ni wapi. Wakikuta ugonjwa umefika ukingoni, wajue ukingo upi, arudi akate hapo. Titi linawekwa, tezi inawekwa."

"Na lile la mpagazi?"

"Mafuta?" Muuguzi alicheka chini ya barakoa. "Mafuta yana juu na chini, mwanangu? Hakuna anayeweka alama kwenye mafuta."

"Nani hufunga huo uzi?"

"Mwenyewe. Vidole vyake vinajifanyia. Siku nyingine anaongea habari za mpira huku anafunga, ukimuuliza hakumbuki kama amefunga."

Inspekta alisimama bila kujongea mpaka gauni likaanza kumbana pumzi. Chupa hangejua kufunga fundo la aina ile. Daktari wa utafiti udaktari wake ulikuwa wa vitabu, hakuwahi kushona mtu. Mtu aliyeweka mafuta badala ya tezi alikuwa anafikiria tezi, na vidole vikafanya vinachoifanyia tezi.

"Siku ya Mama Spika," aliuliza, "mafuta yalitoka mengine mbali na uvimbe?"

"Yatakosaje? Shingo ile ilikuwa na mafuta mengi, alipunguza ili afike ndani. Yalikuwa kwenye sinia ya pembeni. Nikageuka kuhesabu vitambaa, niliporudi hayapo. Nikajua yameshaenda kwenye tanuri la taka."

*

Alhamisi, saa saba mchana, Mkasi aliingia chumba cha Mama Spika akiwa ameitwa na mkurugenzi. Alimkuta Inspekta, daktari wa darubini, mume wa mgonjwa, na kopo juu ya kabati la dawa. Mama Spika alikuwa ameegemezwa mito minne. Tangu alfajiri pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi.

"Mmempata?" Mkasi aliuliza.

"Tumempata," alisema Inspekta. "Kopo hili lina nini?"

"Mafuta. Mji mzima unajua."

"Na kwenye mafuta kuna fundo. Nieleze kazi ya hilo fundo, daktari."

Mkasi alilitazama kopo. Alilitazama kwa muda ambao mtu asiye na hatia halazimiki kuutumia. Vidole vyake, ambavyo havikuwahi kutulia, vilitulia.

"Yeyote anaweza kufunga uzi," alisema.

"Nimewajaribu. Chupa amefunga fundo la kamba ya mbuzi. Daktari wa utafiti amejidunga kidole. Jana nilikuona mwenyewe ukilitupa bonge la mpagazi bila uzi, na titi ukalifunga. Kwa nini mafuta ya shingo ya mama huyu yawe na juu na chini?"

Mkasi aliutupia jicho mlango.

"Ulikata mafuta yake mwenyewe, ukaenda nayo ofisini pamoja na tezi. Ukafunga mlango. Tezi ukaipeleka kwenye tanuri. Mafuta ukayatia kopo. Lakini mkono wako umefundishwa vizuri kuliko moyo wako. Uliweka alama."

"Upuuzi," Mkasi alisema, lakini sauti haikumfuata.

"Tezi haikuungua yote," alisema daktari wa darubini. "Kipande kilikuwa kwenye friza ya utafiti. Nimekisoma. Unataka nikuambie?"

Mkasi alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Aliongea akitazama sakafu.

"Nilipoifungua nikaijua kwa kidole tu. Ngumu. Nilikata yote niliyoiona, naapa, yote. Nikasema, amepona, ugonjwa umetoka, kelele za nini? Mngesoma saratani, yule msichana angesimama kwenye kikao na karatasi mkononi. Kisha wangeanza kurudi wote. Wote niliowaambia wapunguze mwili. Ni wengi. Hata sijui ni wangapi." Alifuta uso. "Nilidhani nimemponya. Nilitaka tu isijulikane kwamba nilichelewa."

"Ungeacha isomwe," alisema daktari wa darubini, "maabara ingetaka nusu ya pili ikatwe wiki hiyohiyo. Ingekuwa haijageuka."

"Sasa najua."

Inspekta alimfunga pingu, mikono ikiwa mbele. Mume wa Mama Spika alikuwa amegeukia ukuta.

"Mlete," Mama Spika alisema.

Mkasi alisogezwa kitandani. Mnadi alimtazama kwa muda, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto.

"Miaka minne. Kila nikija... ulitazama mizani." Akavuta pumzi, mluzi ukapasua chumba. "Leta mkono."

Mkasi alisita. Inspekta akausukuma mkono wenye pingu. Mama Spika aliushika, akauweka shingoni mwake, akaukandamiza pale palipokuwa pagumu.

"Hayo ni mafuta?"

"Hapana," alisema Mkasi.

"Sema kwa sauti. Nimeuza vitu maisha yangu yote, najua mtu anayemumunya."

"Si mafuta, mama."

"Hujawahi..." alianza, na neno halikufika. Mdomo ulifunguka, hewa haikuingia. Macho yalimtoka. Mumewe aligeuka akapiga kelele. Daktari wa darubini aliruka, akamwinua, akamtazama kooni, akamtazama Inspekta.

"Limeziba. Anataka mrija sasa hivi, si kesho."

"Mwekee!"

"Mimi nimezoea nyama zilizokwisha kutoka kwa watu, Afande. Shingo hii ilivyovimba, nikikata mimi namchinja. Wa Ijumaa bado yuko njiani."

Wote walimtazama Mkasi. Mwenyewe alikuwa anatazama shingo, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kutembea ndani ya pingu.

"Naweza," alisema. "Dakika chache tu zimebaki. Ila lazima akubali."

Inspekta aliinama mpaka uso wake ukagusana na uso wa mgonjwa. "Dada, unasikia? Hakuna mwingine. Ni yeye au basi."

Pumzi moja ndogo ilipenya, nyembamba kama uzi. Mama Spika alimtazama mumewe kwanza. Kisha akamtazama Mkasi. Aliikusanya sauti iliyobaki, yote, akaitumia.

"Anawe mikono."

Inspekta alifungua pingu. Mkasi alikwenda kwenye sinki la pembeni, akafungua bomba, akaanza kunawa kwa haraka ya mtu aliyefundishwa, kiganja, vidole, viwiko, huku kitanda kikisukumwa kupita nyuma yake.

Saa nane na nusu mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguliwa, Mkasi akatoka. Mume wa Mama Spika alisimama koridoni kando ya Inspekta, akiwa ameshika kandambili za mkewe.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua," alisema Mkasi.

"Amesema kitu?"

Mkasi alitikisa kichwa, akamgeukia Inspekta, akanyoosha mikono miwili. Ilikuwa bado imelowa. Inspekta aliifunga pingu vivyo hivyo.